Hotuba ya Kuzindua Mshahara wa Mama Katoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwakilishi wa Waziri, kwa kuwa Waziri mwenyewe alikuwa aje lakini ameitwa kwenye uzinduzi mwingine ulio mzito kuliko huu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, mlezi wangu, mwajiri wangu na mwenye ufunguo wa droo inayotunza barua ya kiinua mgongo changu. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, saba kwa idadi na saba kwa suti. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Fedha, msaidizi wangu kwa cheo na mkubwa wangu kwa mshahara, hilo nitalirudia msijali. Wawakilishi wa wanahisa. Wakuu wa idara. Mafundi wa mashine za kukata, za kukunja na za gundi. Madereva wa foklifti mliozima injini kwa heshima yangu au kwa kukosa mafuta. Mpishi mkuu wa kantini. Mama yangu mzazi, ambaye hakualikwa na yuko mstari wa mbele. Mume wangu, aliyealikwa na yuko nyuma kabisa karibu na mlango. Na mimi mwenyewe, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni hii ya maboksi na vifungashio, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Maslahi Yangu, Mratibu, Msimamizi na Mnufaika wa Mpango unaozinduliwa leo: mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa mpaka imechoka. (Makofi. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Awali ya yote nichukue fursa hii adhimu kumshukuru kila anayestahili kushukuriwa, pamoja na wachache wasiostahili, kwa kuacha shughuli zenu za ujenzi wa taifa na kuja kubanana hapa Ghala Namba Mbili, juu ya viti vya kukodi, katikati ya marobota ya karatasi na harufu ya gundi ambayo, kwa mujibu wa ripoti yetu ya afya na usalama, haina madhara kwa mtu anayeivuta kwa muda wa hotuba ya kawaida. Hotuba hii si ya kawaida. Ina kurasa kumi na nne, imeandikwa na Kitengo cha Mawasiliano, imepitiwa na Mwanasheria, imepunguzwa na Mkurugenzi wa Fedha, ambaye kupunguza ndiyo fani yake, na mimi nimeagizwa niisome kama ilivyo bila kutia chumvi yangu. (Kicheko. Mwenyekiti anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.) Nitajitahidi, ingawa wanaonijua wanajua.

Ndugu wadau, au kama tunavyoitana kwenye semina, mastekiholda, leo tunazindua Mpango Mkakati Jumuishi na Endelevu wa Kuoanisha, Kuwianisha na Kusawazisha Maslahi ya Watendaji Wakuu Wanawake katika Makampuni Makubwa. Jina hili lilichukua vikao vinne. Tulijaribu kulifupisha kwa herufi za mwanzo, lakini kifupi chenyewe kilipochapishwa kwenye fulana kilizunguka kutoka kifuani kikaishia mgongoni, kwa hiyo leo tuseme Mpango tu, yatosha. Lengo kuu la Mpango, kwa lugha ya kitaalamu, ni kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka wa kumi na tano wa utekelezaji, mwanamke anayeongoza kampuni kubwa atakuwa amewekwa kwenye mkondo wa kuelekea kwenye mchakato wa kufikiriwa kulipwa sawa na mwanamume aliyekalia kiti hichohicho kabla yake. (Makofi ya wajumbe wa Bodi.) Kwa lugha ya kantini, ni kulipana sawa kwa kazi sawa. (Makofi ya wengine wote.)

Mwisho wa mwezi huu mimi nastaafu, na hapa mbele yangu ameketi mrithi wangu, mkuu wetu wa uzalishaji, binti ambaye nyote mnamwita Injinia kwa sababu siku mashine namba sita iliposimama alilala chini yake na spana hadi ikanguruma, huku mafundi watatu kutoka ng'ambo wakiendelea kuandika barua pepe. (Shangwe kutoka upande wa mashine.) Magotini mwake kuna mkataba wa kurasa kumi na mbili ambao bado haujasainiwa. Ratiba inasema nikimaliza kusoma atakwenda pale kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, atasaini, tutapigwa picha, tutakunywa soda. Mshahara ulioandikwa mle ndani ni uleule wangu, tarakimu kwa tarakimu. Bodi imemwambia asitie shaka, asaini tu, pengo lolote litazibwa na Mpango. Nawaomba mumpigie makofi. (Makofi. Injinia anainamisha kichwa, hatabasamu.)

Sasa, kwa kuwa hotuba bila kujisifu ni kama boksi bila chini, naomba nijisifu, na ukurasa wa tatu hadi wa sita unaniruhusu. Nilipokabidhiwa kampuni hii miaka tisa iliyopita ilikuwa na mashine tatu, moja ikiwa ya kuonyesha wageni. Leo zipo kumi na moja. Ilikuwa na wafanyakazi mia sita. Leo ni elfu mbili na mia nne. Mauzo yamepanda mara nne, hasara imebaki kwenye hadithi za wazee, na ukinunua kitu chochote dukani, kiwe sabuni, kiwe redio, kiwe viatu, geuza boksi lake utanikuta chini. Ndiyo maana mkaniita Mama Katoni, jina nililojifanya silipendi, na nyumbani nikajipongeza mbele ya kioo. Nimepata ngao tano, vyeti kumi na tisa na kinyago kimoja cha shaba kinachoitwa Mwanamke Shupavu, ambacho mume wangu hukitumia kuzuia mlango usijifunge na upepo. (Kicheko.) Huyo shupavu ndiye ninayetaka mumfahamu vizuri zaidi, kwa sababu Kitengo cha Mawasiliano kimemwandika nusu.

Kabla yangu kiti hiki kilikaliwa na mheshimiwa mmoja mstaafu, Mzee Tai, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alikuwa na tai ya kila siku ya mwezi. Mtu mzuri, muungwana, na sina neno baya juu yake. Siku ya kurithi kiti chake niliitwa chumba cha Bodi ghorofa ya tatu, chenye zulia linalomeza visigino, wakanisomea sifa zangu robo saa nzima, kwamba mimi ni jasiri, mimi ni mfano wa kuigwa, mimi ni mama wa taifa la vifungashio. Wakanivisha kilemba cha ukoka, nami nikauliza kama wana saizi kubwa zaidi. Halafu Mwenyekiti akasogeza mkataba, akaniuliza, "Mama, una swali?" Mabibi na mabwana, mimi huyu, ninayebishana bei ya nyanya mpaka muuzaji ananiomba nimwache apumue, mimi niliyeangusha bei ya karatasi kwa viwanda vitatu vya ng'ambo kwa kukaa kimya kwenye simu dakika sita, niliulizwa kama nina swali, nikajibu, "Ndiyo, naanza lini?" (Kicheko kikubwa.)

Chekeni, chekeni, nami nacheka. Nilisaini bila kuuliza mwenzangu alikuwa akilipwa nini. Nikawashukuru. Nikawashukuru tena kwa barua. Mama yangu alinilea nikijua kwamba mtoto mwenye adabu haulizi bei mbele ya wageni, na nadhani siku ile malezi yale yalikuwa yakifanya kazi. (Mama mzazi, bila kipaza sauti: "Mimi sikukufunza ujinga! Nilikufunza adabu!") Asante, Mama. Kwenye kumbukumbu za mkutano iandikwe kwamba mzazi amejitenga na uamuzi ule.

Naendelea. Ukurasa wa saba unasema, "Changamoto zilibainika kupitia utafiti wa kina." Utafiti wa kina uliletwa na tarishi. Miaka minne iliyopita ilifika ofisini bahasha ya kahawia, juu yake imeandikwa "Mkurugenzi Mtendaji", bila jina, na kwa kuwa Mkurugenzi Mtendaji ndiye mimi, na kwa kuwa mimi hupenda sana barua zinazonitaja kwa cheo, niliifungua palepale, nimesimama. Ilikuwa taarifa ya pensheni ya Mzee Tai. Mfuko wa pensheni ulikuwa haujabadilisha anwani yake. Nikasoma, nikavaa miwani, nikasoma tena, nikamwita sekretari aje aone kama miwani yangu ni mizima. Pensheni ya Mzee Tai, aliyeko nyumbani akimwagilia maua, ilikuwa kubwa kuliko mshahara wangu mimi niliyeko kazini nikimwagilia kampuni. (Minong'ono. Mtu mmoja nyuma: "Eti nini?") Umesikia sawasawa, kijana wa foklifti. Nikapiga hesabu kwa kurudi nyuma: kila alipolipwa mia, mimi nililipwa sitini na mbili, kwa kiti kilekile, kwenye ofisi ileile, na mashine nane zaidi.

Na shupavu wenu akafanya nini? Je, alipanda ghorofa ya tatu? Alipiga meza? Mwenzenu alichukua gundi, na gundi tunayo, akaifunga bahasha vizuri, akaikandamiza kwa kinyago cha shaba, ambacho wakati huo kilikuwa bado mezani ofisini, akampa dereva aipeleke kwa Mzee Tai na salamu nyingi. Funika kombe mwanaharamu apite. (Kicheko kinaanza, kinakatika.) Jioni nikamwambia mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu si mtu wa kumpa asilimia wakati wa kula. Akaniuliza, "Kwa nini hukuuliza siku ile?" Nikamjibu, "Nilikuwa nashukuru." Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi hodari aliyefeli mtihani rahisi, na nawaambia ukweli, niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

(Mkurugenzi wa Fedha, akiwa ameketi: "Mama, ukurasa wa saba hauna mambo hayo.") Ni kweli, Mheshimiwa, yalipunguzwa. Narudi kwenye maandishi. "Kwa kutambua uzito wa suala hili, Mkurugenzi Mtendaji alichukua hatua madhubuti." Hatua madhubuti ni kwamba niliandika dokezo la mistari miwili kwa Bodi, la upole hata likaonekana ni mwaliko wa chai, na Bodi ikanijibu kwa moyo mkunjufu kwamba suala ni zito, halitaki papara, linataka kamati; na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye uzoefu mkubwa kama wangu wa kulipwa pungufu, mwenyekiti wa kamati niwe mimi. (Kicheko.) Nilifurahi! Nilipewa cheo kingine! Tumekaa vikao thelathini na kimoja. Kila kikao kina posho, na posho inafuata ngazi ya mshahara, kwa hiyo hata kwenye kikao cha kujadili kwa nini nalipwa pungufu, nililipwa pungufu kuliko Mkurugenzi wa Fedha aliyekuja kupinga. Nilisaini fomu ya posho. Mara thelathini na moja nilisaini.

Kikao cha tisa tulimwajiri mshauri mwelekezi, kijana nadhifu mwenye kompyuta nyembamba na grafu za rangi, afanye ulinganisho wa kitaalamu. Naomba mnifuatilie hapa kwa makini, maana hapa ndipo taaluma ilipofika kileleni. Mshahara wa mkubwa haupangwi kwa kubahatisha. Unalinganishwa na wa wakubwa wenzake. Tukaulizana, wenzake Mama Katoni ni akina nani? Bodi ikaelekeza kwamba, kwa haki, mwanamke alinganishwe na wanawake, anayeongoza kampuni kubwa na wanaoongoza kampuni kubwa, za viwanda, za sekta ya vifungashio. Mshauri akazunguka miezi mitano. Akarudi na ripoti ya kurasa mia moja na themanini. Katika kundi hilo alimpata mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi. (Kicheko.) Subirini! Akachukua mshahara wangu, akatafuta wastani wa kundi, akaupata. Akalinganisha mshahara wangu na ule wastani, na akathibitisha, kwa grafu, kwa namba na kwa kiapo cha taaluma yake, kwamba nalipwa asilimia mia moja ya wastani, si senti juu wala senti chini, na kwamba pengo ni sifuri. (Kicheko kikubwa. Mpishi mkuu anajifuta macho kwa aproni.)

Mnacheka kwa sababu hamkuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha mbele, na grafu ile ilipowaka ukutani nilipiga makofi. Sifuri ilikuwa imechorwa kijani, ilipendeza. Nikasaini ripoti kama mwenyekiti wa kamati, nikaipokea kama Mkurugenzi Mtendaji, nikajiandikia barua ya kujipongeza. Ukitaka kujikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, njoo nikuonyeshe moto wa kiasi gani.

(Mama wa mashine ya gundi, anasimama, mikono kiunoni: "Samahani, Mama Katoni. Wewe unalia na una gari lenye kiyoyozi. Na sisi je?")

Swali zuri, na kwenye kurasa kumi na nne halina jibu, kwa hiyo nitalijibu bila karatasi. Kaa, mama. Au usikae, simama tu. Ni kweli, mshahara wangu hata ukikatwa vipi, si wa kuliliwa na mtu anayekaa zamu mbili. Ningekuwa wewe ningenizomea mapema zaidi. Lakini mwaka juzi ulikuja ofisini na wenzako wawili, mkaniambia kwamba kwenye mashine ya gundi mwanamume analipwa kiwango cha fundi na mwanamke kiwango cha msaidizi, na mashine ni ileile, na vidole vinavyoungua ni vilevile. Unakumbuka nilikujibu nini? (Mama wa mashine ya gundi: "Ulisema tusubiri Mpango.") Nilisema msubiri Mpango. Akaja mama wa stoo, nikamwambia asubiri Mpango. Wakaja wale wasichana wa mahesabu, wakaniletea hata jedwali, nikalisifu jedwali, nikawaambia wasubiri Mpango. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikipandwa na hasira usiku nilijiambia nisubiri Mpango. Wewe uliniona mkubwa mwenye gari, na mkubwa mwenye gari alikuwa amepanga foleni nyuma yako, tena anakusukuma usogee kwa utulivu. Kwa hilo nakuomba radhi, wewe na wenzako, mbele ya watu wote hawa. (Foklifti moja inajiwasha, inazimwa haraka.)

(Kikaratasi kinapitishwa kutoka kwa Mwenyekiti.) Nimeletewa ujumbe kutoka meza kuu. Unasema, "Fupisha." Nashukuru, Mheshimiwa, ni neno moja lenye busara, na naona pia unanionyesha ufunguo. Nimeuona. Kiinua mgongo ni jambo zuri, na mgongo wangu una haja nacho kwelikweli. Lakini nimehesabu, na mume wangu amehakiki, nacho kimepigwa kwa ile sitini na mbili. Kaa nacho kidogo nimalize.

Asubuhi ya leo, kabla ya viti kupangwa, Injinia aliingia ofisini kwangu na mkataba huo. Hakukaa. Aliniuliza, "Dada, nisaini?" Swali la maneno mawili. Mimi ninayo miaka tisa ya majibu, nina bahasha kichwani, nina ile mia na ile sitini na mbili, na mdomo wangu, kwa mazoea, ukafunguka wenyewe ukasema, "Mdogo wangu, subiri hotuba, utasikia mambo ya Mpango." Akaitikia. Akasema, "Sawa, dada, mimi nakuamini wewe." Akatoka. Nilibaki nimesimama na kalamu mkononi, najiona mjinga, najiona mwoga, na zaidi nikaona kwamba sasa si mimi tena ninayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi ndiye nimeshika gunia, nimeinama, namwambia mwenzangu tia mkono. Sikunywa chai. Nyie mnaonijua mnajua mimi sikosi chai.

Turudi kwenye ukurasa wa kumi na tatu: Mafanikio ya Mpango hadi sasa. (Mwenyekiti anashusha pumzi.) Kwanza, wadau elfu moja na mia mbili wamefikiwa, na kufikiwa maana yake ni kwamba kuna tangazo ubaoni karibu na choo. Uelewa umepanda kwa asilimia arobaini na tano, kutoka kiwango ambacho hakikupimwa. Fulana mia tatu zimechapishwa, zote saizi kubwa, kwa sababu aliyeagiza aliangalia bei na si miili. Dira ipo, dhima ipo, kaulimbiu ipo, wimbo wa Mpango umetungwa na utaimbwa na kwaya ya idara ya usafirishaji endapo dereva wa sauti ya nne atarudi kutoka safari. Na niseme bila woga wa kukosolewa kwamba hakuna mwanamke mtendaji mkuu katika historia ya kampuni hii aliyewahi kushughulikiwa kwa vikao vingi kama mimi. (Makofi ya mazoea kutoka meza kuu.)

Sasa kaulimbiu, maana tumelipia mabango. Nikisema "Maslahi sawa", nyie mseme "Juu!" Maslahi sawa! ("Juu!") Kiti kimoja, mshahara mmoja! ("Juu!") Mpango! ("Juu!") Mpango! ("Juu zaidi!") Ahsanteni. Huko juu ndiko uliko, na ngazi ya kuufikia haijatengenezwa.

Nimalizie kwa shukrani, kama ilivyo ada. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kukubali kukata utepe wa Ofisi ya Mpango, ule mlango wa kijani pale kona, wenye kibao kipya. Ila ukikata, Mheshimiwa, usiufungue kwa nguvu, mifagio imeegemea kwa ndani. (Kicheko cha wasiwasi. Mgeni Rasmi anauangalia mkasi.) Nawashukuru wataalamu kumi na wawili wa Mpango, ambao ningewataja kwa majina kama wangekuwa wameajiriwa. Nalishukuru fungu la Mpango, lililopitishwa na Bodi kwa kauli moja, ambalo lilikuwa la siku moja, na siku yenyewe ni leo: viti, mabango, fulana, wapiga picha, soda, na posho ya meza kuu. Hakuna akaunti nyingine. Hakuna faili, nimelitafuta juzi na jana, nikamtuma na sekretari, na yeye hupata hata visivyokuwepo. Hakuna kikao kilichopitisha nyongeza ya mtu yeyote, si yangu, si ya Injinia, si ya mashine ya gundi. Ndugu zangu, Mpango ni hotuba hii. Nikinyamaza, umekwisha.

(Mtafaruku. Mwenyekiti anasimama: "Mama, inatosha sasa.") Inatosha, ndiyo, Mwenyekiti, imetosha miaka tisa, ila bado sijamshukuru mtu mmoja. Namshukuru Injinia kwa kuniuliza. Siku yangu, mle chumbani mlikuwa na watu wanane waliojua Mzee Tai alikuwa akilipwa nini, na wote wanane walinipa mkono wa pongezi, mmoja baada ya mwingine, na mkono wa kila mmoja ulikuwa na joto. Leo anayejua ni mimi, na mkono sikupi. Mdogo wangu, mia ilikuwa mia, na kiti ni kilekile. Ukisaini, saini kwa hiari yako, lakini usije siku moja ukasema hukuambiwa. Umeambiwa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayepiga makofi. Injinia anasimama. Mwenyekiti, kwa upole mwingi: "Injinia, meza ni huku, mwanangu." Injinia anatembea hadi kwenye kitambaa cha kijani, anauweka mkataba juu yake, anausukuma urudi upande wa Bodi. "Nimeiona meza, Mwenyekiti," anasema. "Nileteeni mkataba wa Mzee Tai. Nitasaini huo.")